Kuratibu Huduma za Lishe Wakati wa Dharura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kutoka Kaunti Kame za Kenya na Mipakani

Majibu haya ni ya waratibu wa lishe wa kaunti na kaunti ndogo, maafisa wa mashirika wanaoketi nao kikaoni, na wauguzi wanaotaka kujua kwa nini katoni za chakula dawa hazijafika. Mfano wetu mkuu ni kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya, pamoja na majirani zake ng'ambo ya mpaka. Jambo moja litajirudia: mtoto mwenye utapiamlo mara nyingi hapotei akiwa ndani ya huduma. Hupotea kwenye maungio, yaani kati ya shirika na shirika, kati ya programu na programu, kati ya kaunti na kaunti. Mratibu ndiye mlinzi wa maungio hayo.

Nani hasa anaongoza: serikali ya kaunti, UNICEF au NDMA?

Kaunti. Tangu ugatuzi wa 2013, huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na mratibu wa lishe wa kaunti ndiye mwenyekiti wa jukwaa la kiufundi la lishe. UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, husaidia uratibu na huleta chakula dawa, yaani chakula cha tiba kilicho tayari kuliwa, cha watoto wenye utapiamlo mkali. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hushughulikia zaidi utapiamlo wa kadiri, yaani usiofikia ukali huo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya tahadhari ya mapema kila mwezi na ni sekretarieti ya Kamati Elekezi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana pamoja na kamishna wa kaunti.

Waratibu wapya hukosea hapa: hupeleka matatizo yote kwenye jukwaa la kiufundi. Jukwaa hilo halina gari, halina fedha, wala haliwezi kuamuru barabara ifunguliwe. Likikosekana lori, peleka hoja kwenye Kamati Elekezi ikiwa na takwimu ya mstari mmoja na ombi la mstari mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi 2% ya mapato yake. Fedha hizo haziji kwa sababu hali ni mbaya; huja kwa sababu kuna mtu aliyepeleka bajeti kabla ya wengine.

Kwa nini Somalia kuna "klasta" na Kenya tunasema "sekta"?

Klasta ni kundi la mashirika ya misaada yanayoratibiwa pamoja kwa eneo moja la kazi, kama lishe. Mfumo huu ulitokana na mageuzi ya misaada ya 2005, na UNICEF ndiyo wakala kiongozi wa klasta ya lishe duniani. Klasta huanzishwa pale uwezo wa serikali wa kuratibu unapozidiwa, kama ilivyo Somalia na Sudan Kusini. Kenya inaratibu kupitia Wizara ya Afya, kwa hiyo tunasema sekta. Kwa mtu wa bohari tofauti ni ndogo. Kwa mratibu ni kubwa: huwezi kuliagiza shirika kuhamia kaunti ndogo nyingine, ila unaweza kuonyesha ramani yenye pengo na kumwomba katibu wa afya wa kaunti atie saini barua.

Ngazi ya kanda ya nchi kadhaa inatusaidia nini sisi tulio Lodwar au Mandera?

Mambo mawili. La kwanza ni utabiri. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), ICPAC, hutoa utabiri wa kikanda kabla ya kila msimu. Ule wa mvua za Oktoba hadi Desemba hutoka Agosti. Ukiusikia Agosti, una muda wa kuagiza. Ukisubiri uchunguzi wa baada ya msimu, unafika Februari. La pili ni picha ya pamoja: kundi la kazi la usalama wa chakula na lishe la kanda, linaloongozwa na IGAD na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), huweka takwimu za Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda na nyinginezo kwenye meza moja. Ndipo unapoona kwamba ongezeko la watoto Mandera limeanza kwanza ng'ambo.

Tuanze kuchukua hatua lini? Tusubiri utafiti wa SMART?

Msisubiri. Utafiti wa SMART, yaani upimaji sanifu wa sampuli ya watoto katika jamii, ni muhimu kwa kupima ukubwa wa tatizo, lakini toka mafunzo ya wapimaji hadi ripoti kupitishwa zinapita wiki kadhaa. Somalia 2011 njaa kuu ilitangazwa tarehe 20 Julai. Sehemu kubwa ya vifo ilikuwa imekwisha kutokea. Watu wapatao 258,000 walikufa katika janga lile, na zaidi ya nusu walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Tangazo ni kipimo cha kilichokwisha kuharibika.

Tumia vizingiti vya kituo chenyewe. Mbinu hii ya kupanua na kupunguza huduma kulingana na wingi wa wagonjwa ilijaribiwa Marsabit kuanzia 2012, na leo inatumika katika nchi nyingi. Kila zahanati huangalia rejesta zake za miaka iliyopita, huandika miezi inayokuwa na watoto wengi na sababu zake, huhesabu watumishi wake, kisha hujiwekea vizingiti. Mfano: zahanati yenye muuguzi mmoja inaweza kusema watoto wapya 8 kwa mwezi ni kawaida, 15 ni tahadhari, 25 ni hali nzito, 40 ni dharura. Kila kizingiti kina hatua iliyokubaliwa na kuwekewa gharama mapema. Kwenye tahadhari, kituo huongeza siku moja ya kliniki. Kwenye hali nzito, kaunti ndogo humleta muuguzi wa pili. Kwenye dharura, shirika lililotia saini huleta timu na gari.

Inapokwama, huwa ni kwenye saini. Vizingiti vimebandikwa ukutani, mstari umevukwa, muuguzi anapiga simu, na kule juu hakuna aliyewahi kukubali kumtuma mtu. Kizingiti kisicho na jina la mwajibikaji na kiasi cha fedha ni karatasi tu.

Tunakisiaje idadi ya watoto watakaohitaji matibabu?

Zidisha vitu vinne: idadi ya watoto wa miezi 6 hadi 59, kiwango cha utapiamlo mkali, kigawe cha wagonjwa wapya, na sehemu ya watoto unaotarajia kuwafikia.

Chukulia kaunti ndogo ya watu 180,000. Watoto wa umri huo wakiwa 16%, ni 28,800. Utapiamlo mkali ukiwa 3%, leo wapo 864. Lakini utafiti ni picha ya siku moja. Kesho wengine wataugua. Kigawe kinachotumika sana kwa mwaka mzima ni 2.6, yaani 1 kwa waliopo leo na 1.6 kwa watakaougua mwaka huo. Unapata 2,246. Ukitarajia kufikia nusu yao, panga kwa 1,123.

Makosa mawili hutokea hapa. Moja, kuzidisha kwa 1.6 na kuwasahau waliopo leo. La pili, kutumia 2.6 kwa mpango wa miezi sita. Kwa nusu mwaka, 1.6 igawe kwa mbili kisha ongeza 1: unapata 1.8. Katika mfano wetu ni watoto 1,555, na nusu yao ni 778. Kanuni hii pia hudhani hali haibadiliki. Ukame ukizidi, 1.6 huwa ndogo, kwa hiyo linganisha na rejesta kila mwezi na urekebishe.

Hao ni katoni ngapi?

Kwa kupanga, katoni moja kwa kila mtoto mwenye utapiamlo mkali. Katoni ina pakiti 150 za gramu 92, kila pakiti ikiwa na takriban kilokalori 500, na uzito halisi wa chakula ni kilo 13.8. Watoto 1,123 wanahitaji takriban tani 15.5. Lori la tani 10 litakwenda mara mbili. Sema hivyo kikaoni, "safari mbili za lori", maana afisa wa usafiri hapangi safari kwa asilimia.

Hayo hayahusu watoto wenye matatizo ya ziada wanaolazwa. Wao huanza na maziwa ya tiba ya F-75, kisha ya F-100 au chakula dawa. Wodi ya lishe ikikosa F-75 huwezi kuiziba kwa katoni za chakula dawa. Mtoto aliyelemewa hawezi kukimudu siku za kwanza.

Bohari ya kaunti imejaa, zahanati zimeishiwa. Tatizo liko wapi?

Karibu kila mara liko kati ya bohari ya kaunti ndogo na kituo. Shehena kutoka Nairobi ina bajeti na lori lake. Kilomita 60 za mwisho hazina mwenyewe: chakula hupanda gari la chanjo likiwapo, au ambulansi inayorudi.

Tibu kwa njia tatu. Kwanza, fedha za kilomita za mwisho ziwe mstari wake kwenye mpango. Pili, kila kituo kiwe na kiwango cha kuagizia upya: wastani wa matumizi ya mwezi zidisha kwa jumla ya miezi ya kusubiri na miezi ya akiba. Kituo kinachotumia katoni 20 kwa mwezi, kikisubiri miezi 2 na kuweka akiba ya mwezi 1, kiagize zikibaki 60. Tatu, kadi ya bohari ilingane na rejesta. Chukua kadi, hesabu pakiti zilizotoka wiki hiyo, kisha jumlisha pakiti walizoandikiwa watoto kwenye rejesta. Zikitofautiana kwa mbali, keti na muuguzi mara hiyo hiyo kabla hujaandika ripoti. Mara nyingi utakuta watoto wa utapiamlo wa kadiri wamepewa chakula dawa kwa sababu chao kimeisha, na hakuna aliyeandika.

Wastani wa matumizi una mtego wake: mwezi ambao kituo kiliishiwa kabisa husomeka kana kwamba hakuna aliyeugua. Uondoe kwenye hesabu.

Kwa nini mtoto anapona utapiamlo mkali kisha anarudi baada ya miezi miwili?

Hili ndilo ungio tunaloliogopa kuliko yote. Chakula dawa na chakula cha nyongeza cha utapiamlo wa kadiri huja kwa mikataba tofauti, maghala tofauti, na wakati mwingine kwa mashirika mawili tofauti ndani ya wadi moja. Mtoto hutoka kwenye programu ya kwanza, huambiwa aende ya pili, na ya pili iko siku nyingine, kituo kingine, au haina kitu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto wa kadiri anayekosa huduma leo ndiye mkali wa mwezi ujao.

Mratibu adai ramani moja inayoonyesha kila kituo na programu zote mbili, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kupokea shehena. Kituo chenye moja bila nyingine kipakwe rangi. Bidhaa ya pili ikikosekana kabisa, kuna utaratibu uliorahisishwa: bidhaa moja kwa wote, pakiti 2 kwa siku kwa mtoto ambaye utepe wa mkono umesoma nyekundu (mkali) na pakiti 1 kwa wa njano (wa kadiri). Hauanzishwi na kituo kimoja kwa hiari yake. Unahitaji idhini ya Wizara na rejesta zilizorekebishwa, la sivyo takwimu zote huvurugika.

Takwimu za utepe wa mkono hazilingani na za utafiti. Tuamini zipi?

Zote, kila moja kwa kazi yake. Utepe unaopima mzunguko wa mkono wa juu na kipimo cha uzito kwa urefu haviwakamati watoto wale wale. Katika jamii nyingi za wafugaji, ambako watoto wana miguu mirefu, uzito kwa urefu huonyesha utapiamlo mwingi zaidi. Kama utafiti ulitumia uzito kwa urefu na vituo vinapokea kwa utepe pekee, makisio yako ya katoni yatazidi wanaofika.

Lakini kwanza hakikisha upimaji wenyewe. Mkono wa kushoto. Ukunje kwenye kiwiko, tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati. Kisha unyooshe ulegee kando ya mwili, ndipo uzungushe utepe kwenye alama. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuibana. Ukiona ngozi imejikunja chini yake, umevuta mno, na mtoto wa milimita 117 ataandikwa 113. Chini ya milimita 115 ni nyekundu. 115 hadi 124 ni njano. 125 kuendelea ni kijani. Kisha miguu: bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu sekunde tatu, achia. Kikibaki kishimo pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali hata utepe ukisema kijani. Hatua ya miguu ndiyo inayorukwa zaidi foleni ikiwa ndefu.

Mama akifundishwa kupima mwenyewe nyumbani, hufanya vizuri, na humpima mtoto mara nyingi kuliko mhamasishaji wa afya ya jamii anavyoweza kumtembelea. Kwenye manyatta yaliyo mbali, hapo ndipo tungeanza.

Tufanyeje kuhusu pakiti zinazogawanywa nyumbani?

Mtoto wa kilo 7 huhitaji karibu pakiti 2 na nusu kwa siku, yaani 17 au 18 kwa wiki. Nyumbani wako wanne na sufuria ni tupu. Kumkaripia mama hakuongezi chakula. Mwulize kwa heshima: "Mama, jana watoto wengine walikula nini?" Jibu ndilo rufaa yako: kaya hiyo iingie kwenye mgao wa chakula au orodha ya fedha. Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir zina mpango wa HSNP wa kuzipa kaya maskini fedha, ambao ukame ukizidi hupanuliwa kwa kaya zaidi. Mratibu wa lishe aketi na mwenzake wa mpango huo na walinganishe orodha. Mara nyingi hawajawahi kufanya hivyo.

Wafugaji wakivuka mpaka, matibabu yanaendeleaje?

Moyale ni mji wenye sehemu mbili, Kenya na Ethiopia. Mandera inapakana na Bula Hawa ya Somalia. Waturkana huhamisha mifugo hadi Karamoja ya Uganda, na Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa mpakani huko Moroto mnamo Septemba 2019. Watu huenda kwenye malisho. Rejesta hubaki nyuma na kuwaandika "watoro", yaani walioacha matibabu.

Kabla ya msimu wa kuhama, waulize wazee watakwenda wapi na kwa njia gani. Mpe mama kadi yenye tarehe ya kuanza, uzito, kipimo cha mkono, dawa alizopewa mtoto na pakiti alizochukua, pamoja na mgao wa wiki kadhaa. Vituo vya pande zote mbili vibadilishane namba za simu za wauguzi, zile wanazozipokea kweli. Kisha linganisheni vigezo: nchi mbili zikipokea na kuruhusu kwa vipimo tofauti, mtoto anaweza kuambiwa kapona upande mmoja na kuanzishwa matibabu upya upande wa pili. Jambo hili humalizwa kwenye kikao cha wataalamu wa nchi zote mbili. Muuguzi wa mpakani hana mamlaka nalo.

Mfadhili ameleta maziwa ya kopo ya watoto. Tuyagawe?

Hapana. Kanuni ya kimataifa ya 1981 na sheria ya Kenya ya 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama zipo kwa sababu hii hii. Penye maji machafu, kopo huleta kuhara, na kuhara humuua mtoto mchanga haraka. Jibu liandikwe kabla misaada haijafika: barua moja ya kaunti, iliyosainiwa, inayokataa michango hiyo na kutaja nani azuie shehena. Mtoto asiye na mama wala mnyonyeshaji mwingine ahudumiwe na mtaalamu, mmoja mmoja, akifuatiliwa kwa karibu.

Kikao cha uratibu kiendeshwe vipi ili kisiwe cha kusomeana ripoti?

Kisizidi saa moja na nusu. Ripoti zitumwe siku mbili kabla. Anza na vituo vilivyoishiwa, kisha vilivyovuka kizingiti, kisha mapengo ya ramani ya nani anafanya nini, wapi, lini na kwa ajili ya nani. Kila jambo liondoke na jina la mtu na tarehe. Tangazo la mradi mpya lije mwisho, dakika kumi.

Alika watu wa maji, afya na mifugo. Kipindupindu kilichoanza Kenya Oktoba 2022 kilifika hadi kambi za Dadaab katikati ya ukame. Penye kuhara kwa wingi chakula dawa pekee hakishindi.

Tutajuaje kwamba huduma ni nzuri?

Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya chini vya misaada ya kibinadamu, kwa utapiamlo mkali: waliopona zaidi ya 75%, waliokufa chini ya 10%, watoro chini ya 15%. Waliofikiwa wazidi 50% vijijini, 70% mijini na 90% kambini. Soma kwa pamoja. Kituo chenye 98% ya kupona na watoto wachache kinaweza kuwa kinawapokea walio karibu na barabara tu. Watoro wakipanda ghafla, kabla ya kulaumu jamii, angalia kadi ya bohari ya mwezi uliopita. Mama aliyetembea saa nne akakuta kabati tupu hana sababu ya kurudi.

Mvua imenyesha. Dharura imekwisha?

Bado. Wiki za kwanza za mvua mara nyingi huleta watoto wengi zaidi: kuhara, malaria, mifugo dhaifu kufa kwa baridi, na laga (mito ya msimu) kujaa hadi magari kushindwa kupita. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, mapema 2023 watoto wapatao 970,000 wa kaunti kame walikadiriwa kuhitaji matibabu ya utapiamlo. Mwisho wa mwaka huo huo mafuriko ya El Niño yalikata barabara Garissa, Tana River na Mandera. Aliyekuwa amesambaza katoni Septemba alitibu. Aliyezihifadhi makao makuu ya kaunti alizitazama.

Punguza huduma kama ulivyoziongeza: kituo baada ya kituo, idadi ikishuka chini ya kizingiti kwa miezi miwili mfululizo. Usiondoe timu tamba zote siku moja kwa kuwa mkataba umeisha. Kabla ya timu kuondoka, watoto walio katikati ya matibabu wakabidhiwe kwa majina kwa zahanati iliyo karibu, pakiti zao zikiwa zimekwisha kufika hapo. Katoni zinazokaribia kuisha muda zihamishiwe vituo vyenye wagonjwa wengi, na zitoke bohari kabla laga hazijajaa.